Kadiri ya Sabuni Juu ya Kaboni

Anayetaka kuipima kwa umeme dopamini, dutu ambayo upungufu wake katika ubongo huandamana na maradhi ya Parkinson, hukabiliwa kwanza na jirani yake msumbufu, vitamini C, ambayo katika viowevu vya mwili huizidi kwa wingi mara nyingi, na ambayo juu ya elektrodi tupu huachia elektroni zake karibu katika volti zile zile, hata vilele viwili vya mkondo vikaungana vikawa kilima kimoja kisichosomeka.

Njia ya kuwatenga majirani hao ilipatikana katika tofauti ya tabia zao, kwa kuwa katika pH 7 dopamini huchukua chaji chanya, ilhali vitamini C huchukua chaji hasi. Basi donge la unga wa grafiti uliokandwa kwa mafuta, mtindo ulioasisiwa na Ralph Adams wa Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1958, hushindiliwa ndani ya kijibomba liwe elektrodi, uso wake ukasuguliwa juu ya karatasi hadi ung'ae, kisha ukadondoshewa sodiamu dodesili salfeti, ambayo ni sabuni iliyo maarufu katika shampuu. Mkia wa sabuni hiyo, wenye tabia ya mafuta, hushikamana na grafiti. Kichwa chake, chenye chaji hasi, huelekea majini, kikaivuta dopamini na kuibaidisha vitamini C.

Likabaki suala la kadiri. Sabuni ikiwa haba, uso hubaki na mapengo. Ikikaribia milimoli 8 kwa lita ya maji matupu, molekuli zake huanza kujikusanya zenyewe katika vifundo viitwavyo miseli, na tabaka likizidi unene hugeuka kizuizi kati ya dopamini na kaboni. Kwa hiyo mpimaji hudondosha mikrolita chache, hupima, huongeza, hupima tena, akibadili jambo moja tu kwa wakati mmoja, mpaka aone mkondo uliokuwa ukipanda umeanza kushuka, ndipo arudi hatua moja nyuma. Hata pH ina mipaka yake: ikishuka chini ya 4, vitamini C hupungukiwa na chaji hasi, na sabuni haina tena nguvu ya kuifukuza; pH ikipita 9, dopamini nayo huivua chaji yake chanya.

Nami nasisitiza kwamba kilele kirefu kuliko vyote si hoja, maana vitamini C ina uwezo wa kuirudishia dopamini iliyokwisha kuoksidishwa hali yake ya awali, ikaachia elektroni mara ya pili, na mkondo ukavimba kwa uongo. Imiminwe vitamini C chomboni kwa makusudi, na kilele cha dopamini kikikaa pale pale bila kutikisika, hapo ndipo nambari ile yastahili kukabidhiwa tabibu.