Hukumu ya Neno Moja: Uhakiki wa Mpango wa ClaimReview

Mpango uitwao ClaimReview ulitolewa mwaka 2015, nao ni kazi ya Duke Reporters' Lab ya Marekani pamoja na Google na jamii ya Schema.org. Shabaha yake ni kuwawezesha wathibitishaji wa habari kuandika matokeo yao kwa utaratibu mmoja, mashine ipate kuyasoma kama karani asomavyo fomu: dai lenyewe, aliyelitoa, aliyelichunguza, tarehe na hukumu. Jambo hili lastahili sifa, kwa kuwa hukumu iliyofichika katikati ya makala ndefu haionekani upesi na programu yoyote. Hata hivyo, chombo kinachobeba maneno hakina budi kupimwa kwa maneno yake, na hapo ndipo penye dosari.

Fomu hiyo huipokea hukumu kwa njia mbili. Ya kwanza ni tarakimu. Kwa mfano, kipimo cha 1 hadi 5, ambapo 1 ni kinyume cha kweli na 5 ni kweli tupu. Ya pili ni neno, nalo mwandishi hulichagua mwenyewe. Lakini mtu atafutapo madai kwa njia ya kiolesura cha programu cha Google, yaani mlango ambao programu moja hupitia kuiuliza nyingine, jibu humletea jina la mchapishaji, anwani ya makala, kichwa chake, tarehe, lugha, na lile neno la hukumu. Tarakimu haimo. Basi mzigo wote wa maana umeliangukia neno, na neno lenyewe halina kamusi.

Kwa Kiswahili jambo hili si dogo. PesaCheck, iliyoanzishwa Kenya mwaka 2016, huchapisha kwa Kiswahili pia, na Tanzania ina JamiiCheck. Mthibitishaji atakayejaza fomu aweza kuandika "uongo", "si kweli", "uzushi" au "upotoshaji", na maneno hayo hayalingani. "Si kweli" hulikanusha dai, wala halimgusi msemaji. "Uongo" una undugu na "mwongo" na "kuongopa". Aliyekosea kwa kutojua huhesabiwa pamoja na aliyekusudia kudanganya. "Uzushi" hutoka katika "kuzua", nao wadai kwamba yupo aliyelibuni jambo. "Upotoshaji" waweza kutendwa hata kwa maneno ya kweli, yakiondolewa mahali pake. Neno la Kiingereza "false" halitofautishi yote haya. Anayelifasiri kwa "uongo" kila mara huwashtaki watu kwa kosa ambalo uchunguzi wake haukulithibitisha.

Dosari ya pili ni ya utafutaji. Mlango ule humruhusu mwulizaji kutaja lugha aitakayo, lakini kutaja lugha si kuijua sarufi yake. Dai moja laweza kusemwa "serikali imefuta kodi", "kodi imefutwa", au "kodi zilizofutwa na serikali". Mzizi ni mmoja, -fut-, nao umezungukwa na viambishi mbele na nyuma. Utafutaji wowote unaolinganisha herufi tu utayaona hayo kuwa maneno matatu mbalimbali, na dai lililokwisha kanushwa litaonekana kama halijapata kuchunguzwa.

Mwezi Juni 2025 Google ilitangaza kwamba alama za ClaimReview hazitaonyeshwa tena katika majibu ya utafutaji wa kawaida, ingawa chombo chake cha Fact Check Explorer hakikuondolewa. Kwa hiyo msomaji wa kawaida hazikuti tena njiani. Watakaozitumia zaidi ni watafiti na programu zao. Programu haiwezi kumwuliza mwandishi alikusudia nini. Dawa yajulikana: tarakimu irudishwe pamoja na neno, na wanaleksikografia wakae na wathibitishaji watengeneze orodha fupi ya maneno ya hukumu, kila moja na fasili yake. Pasipo hayo, kazi iliyoanzishwa ili kuilinda kweli itakuwa ikiwaita waongo watu waliokosea tu.