Maneno ya Mlangoni: Uhakiki wa Istilahi katika Tovuti za Habari za Halmashauri

Tovuti ya halmashauri ya wilaya ni gazeti, ubao wa matangazo na dirisha la ofisi kwa wakati mmoja. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na za halmashauri za Tanzania Bara zilizinduliwa kwa pamoja, zikiwa zimejengwa kwa kiolezo kimoja, na tangu hapo mwananchi aliye mbali na makao makuu ya wilaya yake ameweza kusoma kwa simu habari ambazo zamani zilibandikwa ukutani. Kila tovuti hufikia wakati wa kusanifiwa upya, na mafundi hubadili rangi, picha na mpangilio wa kurasa. Katika makala haya tunataka kuhakiki jambo ambalo aghalabu huachwa kama lilivyokuwa, nalo ni maneno yanayomwongoza msomaji: yale yaliyoandikwa juu ya vitufe, katika orodha ya kurasa na chini kabisa ya ukurasa. Wataalamu wa kompyuta huiita sehemu hiyo, ambamo mtu hukutana na mashine, kiolesura. Sisi tutayaita maneno hayo maneno ya mlangoni, maana asiyeyaelewa haingii ndani.

Yafaa tuwe na msomaji fulani mbele ya macho yetu. Tumchukue mwanamke wa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, wilaya iliyopatikana mwaka 2012 pamoja na Mkoa wa Geita. Ni katibu wa kikundi, anajua kusoma na kuandika vizuri, ana simu yenye kioo kidogo, na bando lake si la kuchezea. Anatafuta tangazo la mikopo ya vikundi. Kwa mujibu wa marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2018, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo hiyo: asilimia 4 kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, kwa hiyo anayeomba hana budi kusoma masharti mapya. Tangazo la namna hii lina siku ya mwisho. Asipoliona kwa wakati, kikundi chake kitangoja awamu nyingine.

Sasa tumfuate mwananchi huyu mlangoni. Katika tovuti nyingi za halmashauri zilizofuata kiolezo tulichokitaja hukutana na maneno kama "Kuhusu Sisi", "Machapisho", "Viunganishi vya Haraka", "Viunganishi Linganifu" na "Kanusho". Kila neno hapo ni la Kiswahili, na hakuna hata moja linaloweza kuhesabiwa kosa la tahajia. Hata hivyo, msomaji wetu anaweza kuyasoma yote bila kujua aguse lipi.

Tuanze na "Kuhusu Sisi". Katika Kiswahili "kuhusu" hutegemea neno lililotangulia: habari kuhusu, swali kuhusu, taarifa kuhusu. Likisimama peke yake mwanzoni mwa fungu, huacha pengo ambalo msomaji hulazimika kulijaza mwenyewe. Pengo hilo limetoka katika Kiingereza, ambacho huruhusu muundo huo. Isitoshe, hao "sisi" ni nani? Katika tovuti ya halmashauri mwananchi naye ni mmoja wa "sisi", maana halmashauri ni yake. Tungependelea "Ijue Halmashauri", fungu linalotaja kitu kwa jina lake na kumpa msomaji kitenzi.

"Viunganishi vya Haraka" lina taabu zaidi. Kila mwanafunzi aliyepita darasa la Kiswahili amefundishwa kwamba kiunganishi ni neno kama "na", "lakini" na "au". Kulipa neno hilo kazi ya pili, hali "kiungo" limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kuunga ukurasa na ukurasa, ni kuongeza mzigo pasipo haja. Kisha lipo neno "haraka". Kiungo hicho hakiendi kasi kuliko vingine. Kinachokusudiwa ni kwamba kinamfikisha msomaji mahali bila kuzunguka. Kwa jambo hilo Kiswahili kilikuwa na usemi wake kabla kompyuta hazijafika nchini: njia ya mkato. "Njia za Mkato" lina herufi 11, na "Viunganishi vya Haraka" lina herufi 20. Katika kioo cha simu tofauti hiyo ni kubwa, kwani fungu refu hukatwa katikati au husukuma mengine chini.

"Viunganishi Linganifu" lina kasoro ya maana. Kitu linganifu ni kile ambacho pande zake zinalingana, au kinachowiana na kingine. Orodha iliyo chini ya kichwa hicho kwa kawaida ni ya wizara, taasisi na idara, ambazo hazilingani na halmashauri kwa umbo wala kwa kazi. Mfasiri alitafuta neno moja la Kiswahili kwa neno moja la Kiingereza, akalipata, lakini hakuitazama orodha yenyewe. Angeitazama angeandika "Tovuti Nyingine za Serikali", na shughuli ingekwisha.

Ama "Kanusho", limeundwa vizuri. Kutoka katika "kanusha" tumepata "kanusho" kama tulivyopata "pendekezo" kutoka katika "pendekeza". Lakini msomaji wa magazeti amelizoea kwa maana nyingine: taarifa ya kukana habari iliyotangazwa. Akiliona katika tovuti ya wilaya yake anaweza kudhani kuna uvumi unaokanwa. Kinachoelezwa hapo ni mipaka ya dhima ya mwenye tovuti, basi na kiandikwe "Mipaka ya Dhima". Jambo hili si dogo, maana tangu sheria zetu zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara. Neno la kisheria halifai kuwa na maana moja ofisini na nyingine mtaani.

"Machapisho" halina kosa la lugha. Taabu yake ni upana, kwani chini yake huwekwa sheria ndogo, taarifa, miongozo na fomu. Mtu anayetafuta fomu hafikiri moyoni mwake kwamba anatafuta chapisho. Afadhali "Fomu", "Sheria Ndogo" na "Taarifa" zipewe kila moja mlango wake.

Haki yadai tutaje pia lililo jema. Tovuti hizo zimetenganisha "Habari" na "Matangazo", na utengano huo ni wa thamani. Habari humweleza mwananchi lililotokea. Tangazo humtaka atende kitu kabla ya siku fulani. Lakini katika mpangilio wa ukurasa picha kubwa za habari, za ziara na vikao, mara nyingi hukaa juu, na matangazo hukaa pembeni au chini. Juu ya simu, kilicho pembeni hushuka chini kabisa. Katika kusanifu upya tungeshauri tangazo litangulie, na siku ya mwisho iandikwe katika kichwa chake. Katibu wetu wa kikundi asilazimike kupita ziara tatu ndipo aufikie mkopo.

Huenda msomaji akauliza: je, tuna mfano wa maneno ya mlangoni yaliyofaulu? Tunao, na uko mfukoni mwa karibu kila mtu. Huduma ya M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, ilikuja na orodha fupi inayosomeka hata katika simu ndogo isiyo na picha: "Tuma Pesa", "Toa Pesa", na takwa la kuweka namba ya siri. Kila fungu laanza na kitenzi, na kitenzi hicho ni kile mtu angetumia kumwambia jirani anachotaka kufanya. Waliotunga walichagua "pesa" wakaacha "fedha", wakachagua "namba ya siri" ambayo haihitaji kamusi. Hata "salio", lililokuwa neno la watunza hesabu, sasa hutamkwa sokoni. Kiswahili hicho kilifundishwa na matumizi yenyewe, bila semina.

Istilahi za kompyuta zilizoshika mizizi nazo zimefuata njia iyo hiyo. "Pakua" imetoka jikoni, kwenye chungu na sahani. "Bofya" imetoka kwa mtu anayebonyeza tunda kwa vidole ajue kama limeiva. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice, walionyesha kwamba orodha nzima za mashine zaweza kusema lugha yetu. Na wananchi wa ukanda wa dhahabu hawakungoja baraza lolote. Wachimbaji wadogo wa Geita na Shinyanga huita shimo la kuchimbia "duara", huita mashine ya kuvunjia mawe "karasha", na "mwalo", ambalo ziwani ni mahali pa kutia nanga mitumbwi, wamelipa kazi ya kutaja mahali pa kuoshea na kuchenjulia dhahabu. Duara na mwalo ni maneno ya zamani yaliyoongezewa maana, karasha limetoholewa. Njia zote mbili ni halali, na kipimo chake ni kwamba kazi inaendelea.

Liko jambo jingine ambalo mafundi wa tovuti hulisahau, nalo ni tahajia za majina ya mahali katika kisanduku cha "Tafuta". Jina Nyang'hwale limebeba sauti ya Kisukuma ambayo Kiswahili Sanifu hakina, na huandikwa kwa ritifaa. Baadhi ya simu huweka ritifaa iliyonyooka, nyingine iliyopinda, na watu wengi huiacha kabisa. Kharumwa nako pengine huandikwa Karumwa. Kisanduku kinachokubali tahajia moja tu kitamjibu mwenyeji kwamba hakuna kilichopatikana, na yeye atadhani tangazo halipo. Mashine ifundishwe kupokea sura zote za jina, huku ukurasa ukionyesha ile iliyo rasmi.

Wapo watakaopinga kwamba kiolezo kimoja kina faida yake: mwananchi akihama Nyang'hwale kwenda Kibondo hukuta maneno yale yale. Tunakubali kabisa. Usanifishaji ndiyo kazi iliyokusudiwa lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967. Lakini usanifu wa namna hii ndio unaodai uangalifu mkubwa zaidi, maana neno baya likiingia katika kiolezo hurudiwa katika halmashauri zaidi ya 180, na watu hulizoea kwa kulivumilia. Vivyo hivyo neno jema likiwekwa mara moja hufika kote.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kiolezo kinapofanyiwa kazi upya, orodha ya maneno yake ipelekwe kwa wanaistilahi kabla ya kukabidhiwa mafundi, na Mamlaka ya Serikali Mtandao ishirikishwe ili orodha hiyo iwe moja. Pili, mfasiri apewe ukurasa wenyewe na yaliyomo, asipewe orodha ya maneno matupu. Alione tangazo ndipo alitafutie jina. Tatu, maneno yajaribiwe na watu watano au sita wasio watumishi wa ofisi, kwa swali moja tu: "Ukitaka fomu ya mkopo utagusa wapi?" Walimu wanaosoma jarida hili wanaweza kulifanya jaribio hilo pamoja na wazazi wa wanafunzi wao, nasi tutafurahi kupokea majibu. Wakigusa pengine, hapo ndipo penye neno la kubadilishwa.