Tazama Pia

Mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotoka Bell Labs nchini Marekani tarehe 3 Novemba 1971, uliandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie kwa kubana maneno sana. Hata hivyo, katika ubanaji huo kurasa zake zilitenga nafasi ya kichwa kifupi cha kumwambia msomaji atazame pia wapi, kikifuatiwa na majina ya kurasa nyingine. Zaidi ya nusu karne imepita, na kichwa hicho kingali mahali pake. Wengi hukiona kuwa pambo la mwishoni. Mimi naona ndipo mwandishi wa maelezo ya programu anapoonyesha ufundi wake wote, kwani kumwelekeza mtu kutoka fanksheni moja hadi nyingine kwahitaji kujua yeye anatafuta nini na asichokijua ni kipi.

Wapo wanaosema kazi hiyo imepitwa na wakati, maana siku hizi injini ya kutafuta humjibu mtu papo hapo. Ni kweli, ila utafutaji humfaa zaidi anayejua jina la akitafutacho. Chukua gethostbyname, fanksheni ya lugha ya C iliyotumika miaka mingi kupata anwani ya kompyuta kwa jina lake. Pa kuhamia leo ni getaddrinfo, inayomudu anwani za IPv6 pamoja na zile za zamani. Lakini majina hayo mawili hayafanani hata kidogo, na anayelijua la kwanza hana njia ya kulibahatisha la pili. Hatari zaidi ni tmpnam, inayobuni jina la faili la muda ambalo halijatumiwa. Baada ya jina kutolewa na kabla faili halijafunguliwa, programu nyingine yaweza kuliwahi jina hilo, na mwenye nia mbaya akapenyea hapo. Ukurasa wake katika mwongozo wa Linux humkataza msomaji kuitumia, ukamwelekeza kwa mkstemp na tmpfile. Huenda msomaji huyo hakuwa na swali lolote, kwa kuwa programu yake ilikuwa ikifanya kazi vizuri. Aliyemwokoa ni mwandishi aliyeliona shimo mapema.

Uelekezaji huo haufai kitu usipokuwa bayana. Unix ina printf mbili, amri na fanksheni ya C, na mwongozo huzitenganisha kwa kuandika printf(1) na printf(3): moja ni sehemu ya amri, tatu ni sehemu ya fanksheni za maktaba. Mabano na tarakimu moja tu, na utata umekwisha! Waandishi wa lugha ya Elixir, wakifuata desturi ya lugha ya Erlang, hutaja idadi ya vigezo: String.split/1 hukata matini penye nafasi tupu, ilhali String.split/3 hukata kwa alama anayoitaja mtumiaji. Napenda desturi hizi kwa sababu zinamheshimu msomaji bila kumchosha.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba viungo huoza. Fanksheni ikibadilishwa jina, maelezo hubaki yakielekeza pasipo na kitu, na kiungo kibovu ni kibaya kuliko kutokuwepo kiungo. Hapa mashine imesaidia kwelikweli. Tangu toleo la 1.48 la lugha ya Rust, mwezi Novemba 2020, mwandishi huweka jina ndani ya mabano ya mraba, na chombo chake cha maelezo, rustdoc, hulitafuta chenyewe na kutoa onyo kisipolipata. Go ilipata mabano ya namna hiyo katika toleo la 1.19 mwaka 2022. Lakini mashine huthibitisha tu kwamba jina lipo. Haiwezi kusema kama lilistahili kutajwa, na ndiyo maana zipo kurasa ambamo kila neno la tatu limekuwa kiungo, msomaji asijue lipi ni la kufuata. Majina matatu yaliyochaguliwa, kila moja na nusu sentensi ya sababu, yanashinda orodha ya ishirini.

Basi wewe unayeandika maktaba wengine waitumie, kabla hujaufunga ukurasa wa fanksheni yako, jiulize msomaji atakwama wapi akiishia hapo, kisha mwandikie jina la fanksheni itakayomkwamua.