Mguso Kabla ya Mguu

Kanyagio la cherehani halina upande. Hupanda na kushuka, basi. Gurudumu kubwa lililounganishwa nalo kwa fimbo laweza kuzunguka kumjia fundi au kumkimbia, na chuma hakijali. Fimbo ikisimama juu kabisa au chini kabisa, kanyaga utakavyo, halitoki. Ikiwa imepita hapo kwa upana wa unywele, huku au kule, gurudumu limeshachagua. Likichagua vibaya, uzi unajisonga chini ya kitambaa na kukatika.

Ndiyo maana mafundi wa Kiboriloni, kwenye soko la mitumba lililo njia ya kwenda Himo, hawaanzi kwa mguu. Mkono wa kulia huligusa gurudumu dogo la juu, ukalivuta kidogo kuja kifuani, ndipo mguu ufuate. Mteja anayesubiri suruali yake ipunguzwe kiuno hata hauoni mguso huo. Mimi nauhesabu nusu ya ufundi. Mwanafunzi akikanyaga kabla ya kugusa, ataambiwa: "Mdogo wangu, mguu haujui njia. Uonyeshe kwanza."

Wanakemia nao wamekutana na vitu visivyo na upande. Mwaka 1951 Boris Belousov, wa Urusi ya Kisovieti, alipata mchanganyiko uliobadilika rangi, ukarudi, ukabadilika tena. Jarida likaikataa ripoti yake; kemikali, wahariri waliamini, huenda mbele tu hadi zitulie. Anatol Zhabotinsky aliuendeleza, na mwaka 1972 Mmarekani Arthur Winfree akaeleza kinachotokea ukiutandaza mwembamba sahanini: mistari ya buluu inatembea juu ya wekundu, na mstari ukikatika, kila ncha hujikunja na kuanza kuzunguka bila kukoma. Ncha moja huzunguka kulia, ya pili kushoto. Hakuna kitu ndani ya sahani kinachopendelea upande, kwa hiyo mstari uliokatika huzaa jozi.

Fundi wa nguo angelielewa hilo bila darasa. Anayejifunza kukata, akitandaza kitambaa kimoja kimoja na kufuata karatasi ileile mara mbili, hupata mikono miwili ya shati, yote ya kushoto. Kitambaa kimeharibika na mwenye nguo anakuja jioni. Mjuzi hukikunja kitambaa, uso kwa uso, akakata tabaka zote mbili kwa mkasi mmoja. Kulia na kushoto vinazaliwa pamoja, na hakuna hesabu iliyofanyika.

Lakini kuna mahali ambapo jozi haifai, sharti upande mmoja utawale. Uzi wa cherehani ni mfano ninaoupenda zaidi. Nyuzi zake ndogo zimepotwa, na kwa kawaida mshazari wa msokoto hulala kama mshazari wa herufi Z. Cherehani ya kawaida, kila inapozungusha uzi kwenye bobini, huelekea kuukaza msokoto wa namna hiyo. Uzi uliopotwa kinyume huelekea kufumuka njiani na kuchanika karibu na sindano. Fundi akishuku uzi mpya, huushika kati ya vidole na kuusokota: upande mmoja unakaza, wa pili unaachia. Hana haja ya kusoma lebo.

Nani aliyeamua upande upi utawale? Kemia inadokeza jibu. Mwaka 1990 Dilip Kondepudi na wenzake walichapisha jaribio dogo la ajabu. Chumvi iitwayo sodiamu kloreti hutoa fuwele za namna mbili, moja taswira ya kioo ya nyingine. Maji yake yakiachwa yatulie, fuwele za kulia na za kushoto hukaribia kulingana. Yakikorogwa, karibu zote huwa za upande mmoja. Upande upi? Safari hii huu, safari ijayo ule, na mwelekeo wa kukoroga hauamui. Fuwele ya kwanza humeguka, na kila kipande huwa mbegu ya nyingine zinazofanana nayo.

Vifungo vya mashati, kwa maoni yangu, vilienea hivyohivyo: vya kiume kulia kwa mvaaji, vya kike kushoto. Hadithi za sababu yake ni nyingi, kuanzia panga za wapiganaji hadi wajakazi wa mabibi wa Ulaya, nami nazitilia shaka zote. Shati la kwanza likaigwa na la pili. Leo fundi wa Kiboriloni, akiletewa shati zuri la kike ambalo kijana analitaka, anajua kuhamisha vifungo ni kazi ndogo. Matundu yaliyokwisha kukatwa ndiyo yatakayomsumbua.

Kisha kuna jinzi. Mshazari wa kitambaa chake huelekea upande mmoja, na baada ya kufuliwa mguu wa suruali hujizungusha, mshono wa pembeni ukasogea mbele ya goti. Mwaka 1964 Wrangler walianza kutumia kitambaa ambacho mshazari wake hugeuzwa kila baada ya hatua chache, kulia kisha kushoto, ili mivuto ya pande hizo mbili iuane. Zinazofika sokoni bila dawa hiyo, fundi hazilazimishi kwa pasi. Humwambia mteja, "Kaka, vaa kwanza, simama," akapiga chaki ya pindo pale mguu unapoangukia mwenyewe, mshono ukae utakapo.