Wati Mia Mlimani

Kile kituo cha muda cha redio ya ridhaa milimani Usambara hakikuzimwa na mvua wala na jua kuchafuka. Kilizimwa na uamuzi wa usiku wa kuamkia safari, pale wenzetu walipoing'oa redio ya IC-7300 mezani na kuiacha ile ndogo, FT-817, kabatini. Mliotazama matangazo yao mliona jinsi kioo kilivyokufa alasiri. Mimi naanzia asubuhi, kwa sababu dalili zilikuwepo tangu CQ ya kwanza.

Antena ilikuwa safi: waya wa nusu wimbi juu ya ufito wa kuvulia, SWR haikuzidi 1.5.

Sasa itazameni mita ya VD, inayoonyesha volti. Kila opereta alipobonyeza maiki, volti ziliporomoka. Betri ilikuwa ya jeli, ya sola, ampea-saa 40, na betri ya namna hiyo ukizoea kuikamua zaidi ya nusu unaifupishia maisha. Redio yenyewe imeundwa kwa volti 13.8, na kiwandani wanaruhusu pungufu ya asilimia 15, yaani kama 11.7. Ikituma kwa wati 100 inaweza kuvuta ampea 21, na hata ikisikiliza tu inakula karibu ampea moja. Kufika adhuhuri, kila silabi nzito ilikuwa inazisukuma volti chini ya mpaka huo na sauti inachanika. Vituo vya Ulaya vikaomba kolisaini irudiwe, ikarudiwa, vikaomba tena. Opereta akasema ni QSB, mawimbi kufifia. Haikuwa QSB. QSB haifuati silabi zako.

Hapo bado siku ingeokolewa kwa kushusha nguvu hadi wati 20. Wao wakawasha kompresa! Kompresa inapandisha wastani wa sauti, na wastani ukipanda, ampea zinapanda nao. Nilipiga meza. Saa tisa kioo kikazima, na saa kumi jioni mita 10 ikafunguka kuelekea pwani ya mashariki ya Marekani, mawimbi yamejaa, kituo chetu kimya.

Nimekuwa nikililalamikia hili kwa miaka: watu wetu wananunua redio kwa wati. Akiingia mtu mpya, swali lake la kwanza ni inatoa ngapi, la pili ni kama ina skopu ya rangi. Hakuna anayeuliza atakaa wapi na umeme utatoka wapi. Na hesabu haina siri. Kutoka wati 100 hadi wati 5 za FT-817 ni desibeli 13, na S moja ni desibeli 6. Umepoteza S mbili na kidogo. Aliyekusikia kwa S9 atakusikia kwa S7, na ukihamia CW, yaani Morse, hata hizo S mbili hutazililia. Lakini CW siku hizi wanaikwepa. Wanaiachia kompyuta iongee FT8, kisha wanashangaa kwa nini redio inachemka, ilhali FT8 inatuma mfululizo karibu sekunde 13 katika kila zamu yako ya sekunde 15.

Wati chache zilishafika mbali: mwaka 1947 Knut Haugland na Torstein Raaby, waendesha redio waliokomaa katika upinzani wa Norway wakati wa vita, walikuwa juu ya chelezo cha Kon-Tiki katikati ya Pasifiki, kolisaini LI2B. Transmita zao hazikufika wati 10. Umeme ulitoka kwenye betri na jenereta ya kuzungusha kwa mkono, na kila kitu kimelowa chumvi. Walizungumza na Marekani, na mwishowe wakafika hadi Oslo. Mtambo wao uliendana na chelezo, wakaupigia kwa mkono uliofunzwa.

IC-7300 sina ugomvi nayo. Tangu itoke mwaka 2016 imekuwa redio bora ya mezani kwa bei yake, na anayewinda DX usiku kwenye mita 40 akiwa na umeme wa ukutani asiiuze. Mwenye kukimbia mashindano atazame kwanza kipokezi kinavyostahimili jirani mwenye kelele. Anayeishia kwenye ripita, ki-VHF cha mkononi kinamtosha. Lakini ukipanda kwa miguu, kilo 4.2 za redio pamoja na betri ya kuzilisha ni mzigo usiokulipa chochote. FT-817 ina kilo moja na ushei, inasikiliza kwa chini ya nusu ampea, ikituma haivuti zaidi ya ampea mbili. Kwa betri ileile ya jeli wangekaa hewani hadi usiku. Yaesu waliacha kutengeneza hata mrithi wake, FT-818, kwa hiyo aliye nayo ana mali, na kuifungia kabatini ni dhambi.

Nasikia wanapanda tena. Wabebe 817, kompresa waisahau, na dada mmoja kati yao anayejua CW apewe kiti saa kumi jioni, 28.060, huku antena ikielekea Marekani.