Nani Alishika Usukani?

Mimi ni mtu wa bara. Hapa Mungaa tunajua mawe, uwele na upepo wa vumbi. Maji ya chumvi niliyoyaona utotoni ni yale ya Ziwa Singidani. Msomaji ana haki ya kuniuliza nina lipi la kusema juu ya manahodha. Ninalo, kwa sababu kwa miaka mingi nilifundisha darasani habari za merikebu Sultana, na nilizifundisha vibaya.

Nilikuwa nikisema hivi: mwaka 1840 Ahmad bin Naaman aliiendesha Sultana kutoka Unguja hadi New York. Siku moja mtoto wa nyuma kabisa akanyoosha mkono. "Mwalimu, yule mzee ndiye aliyeshika usukani mwenyewe?" Nikamjibu ndiyo, tena kwa ukali kidogo, kama tufanyavyo walimu tukiulizwa tusilolijua.

Jibu lile lilikuwa la uongo. Ahmad alikuwa katibu wa Sayyid Said bin Sultan, na katika safari ile alikuwa mjumbe wake na mkuu wa chombo. Aliyepima jua na kuchora njia ni Mwingereza, William Sleeman. Wakati wa kurudi kazi hiyo ilifanywa na Mmarekani, Sandwith Drinker wa Philadelphia.

Anayetaka habari kamili aisome makala ya Hermann Eilts ya mwaka 1962. Ni kazi ya kuheshimiwa, na mabaharia hao wawili wamo. Lakini Eilts alikuwa mwanadiplomasia, naye aliitazama merikebu kwa jicho la kazi yake. Kichwa cha makala kinamtaja Ahmad na ujumbe wake. Mapokezi na zawadi zinang'aa, wakiwamo farasi wawili wa Rais Martin Van Buren. Bahari inabaki kuwa njia ya kufikia karamu. Halafu ipo ile picha ambayo Edward Mooney alimchora Ahmad huko New York: kilemba, ndevu, macho yaliyotulia. Ni picha nzuri sana, na uzuri wake ndio uliotuponza. Ukishaiona hutafuti mtu mwingine ndani ya chombo.

Na tabia hii si ya Sultana peke yake. Tumezoea kusema kwamba Ahmad ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, eti kwa kuwa jina lake ni kubwa. Mwandishi Mreno Barros, wa karne ya 16, anamtaja Mgujarati, naye anamwita "Malemo". Neno hilo ni maalim, yaani mjuzi wa nyota na njia. Watu wa Bahari ya Hindi walikuwa na majina mawili kwa sababu kazi zilikuwa mbili: nahodha ana amri juu ya safari na mali, maalim anajua njia. Chini yao yuko serahangi, msimamizi wa mabaharia. Hata Waingereza hawakuwa mbali na hapo. James Cook alipoondoka na Resolution mwaka 1776, William Bligh ndiye aliyekuwa bwana wa uanamaji chini yake.

Je, nimempunguzia Ahmad heshima? Sidhani. Merikebu ilifika New York tarehe 30 Aprili ikahitaji matengenezo, nayo yalifanywa katika karakana ya jeshi la majini la Marekani huko Brooklyn. Ilipong'oa nanga ilikuwa tarehe 9 Agosti. Kwa miezi mitatu na zaidi mtu huyu alikaa katika mji wa watu wanaomkodolea macho, akauza shehena ya bwana wake, akatunza mabaharia wake, akamrudisha kila mwenye dhamana mahali pake. Mimi naona huo ni uongozi mgumu kuliko kushika usukani. Yeye hakujifanya maalim. Sisi ndio tuliomfanya.

Labda sisi wa bara tungepaswa kulielewa jambo hili mapema. Ndani ya Sultana mlikuwa na pembe za ndovu 108. Pembe zilishuka pwani mabegani mwa wapagazi, na mbele ya msafara alitangulia kirangozi na bendera yake, wakati tajiri mwenye mali yuko nyuma. Hakuna aliyewachanganya wawili hao.

Yule mtoto sasa ni mtu mzima, analima alizeti. Tulipokutana mnadani nilimwomba radhi, nikamweleza habari za Sleeman na Drinker. Akacheka, akasema alikwisha kusahau. Kisha akafikiri kidogo. "Na waliokuwa wakipandisha matanga, mwalimu, waliitwa nani?"

Nikamnunulia chai.