Nakala ya Ulaya? Maoni Yetu kuhusu Uhakiki wa Makanisa ya Kale

Msafiri afikaye Kashikishi, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, Zambia, husikia Kibemba sokoni na pengine Kiswahili cha wachuuzi wa samaki kutoka ng'ambo ya Kongo. Hapo pia ipo misheni ya Kikatoliki ya Mtakatifu Paulo pamoja na hospitali yake. Tunapowataka wanafunzi wetu wahakiki kanisa la misheni, popote lilipo, jibu huwa moja: "Ni nakala ya Ulaya." Katika makala haya tunadai kwamba jibu hilo ni nusu tu ya uhakiki.

Nusu hiyo hatuikatai. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu la Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani kati ya mwaka 1897 na 1902, lilifuata mtindo wa Kigothi, wenye matao ya ncha na mnara uliochongoka. Lile la Mji Mkongwe, Zanzibar, la miaka ya 1890, lina minara pacha ya namna ya Kifaransa. Umbo lilitoka nje. Hilo halina ubishi.

Hata hivyo, umbo si jengo zima. Kwanza, kuna mahali. Kanisa kuu la Rubaga, Kampala, lililojengwa kwa matofali ya kuchoma kati ya mwaka 1914 na 1925, limesimama juu ya kilima kilichokuwa na ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Mganda anayekitazama kilima hicho haoni Roma peke yake; anaona pia enzi ya Buganda.

Pili, kuna mamlaka. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walikabidhiwa boma la Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879. Kutoka ziwa hilo walipanda hadi Mambwe mwaka 1891, Kayambi mwaka 1895 na Chilubula mwaka 1899, na hatimaye wakaifikia Luapula, iliko Kashikishi. Basi misheni ya Karema ilianza ndani ya kuta za ngome. Mhakiki anayesema "nakala" tu haulizi kuta hizo zilijengwa kumkinga nani, wala nani alibeba udongo wake.

Tatu, kuna lugha. Mnara na mimbari ni maneno yenye asili ya Kiarabu, ambayo Mswahili aliyatumia msikitini kabla ya kuyapeleka kanisani. Neno kanisa lenyewe ni la Kiarabu. Padri limetoka Kireno, na mlango ni wa Kibantu. Mtu hawezi kulieleza jengo hili kwa Kiswahili bila kupita katika historia ya pwani yetu. Je, hiyo nayo ni nakala?

Suala hili si la darasani tu. Jengo likishapewa jina la "la kizungu", hakuna anayejiona mrithi wake. Paa likivuja, lawama huenda kwa wageni waliokwisha kuondoka; ukuta ukibomolewa, kumbukumbu ya mafundi waliochoma matofali hubomoka nao.

Kwa hiyo tunapendekeza kila mwanafunzi aulize maswali matatu kabla ya kutoa hukumu: limejengwa juu ya nini, kwa mikono ya nani, na linaitwaje na wanaosali ndani yake? Akishayajibu, aseme "nakala" kama bado anaona inafaa. Tutamsikiliza.